Unga Ulioruka: Maisha ya Dkt. Ambwene Andongwisye Mwandemele, 1974–2025

Ndugu, jamaa, majirani na wageni mliofika Suma leo Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, familia inawashukuru. Aliyelala mbele yenu ni Dkt. Ambwene Andongwisye Mwandemele, na haya ni maisha yake kwa kadiri tulivyoweza kuyakusanya. Kalamu alipewa mdogo wake, Lilian. Hakupewa kwa kuwa anajua kuandika kuliko wengine. Alikuwa anapita na beseni la vyombo wakati mwenyekiti wa kamati ya msiba, Mzee Hosea, anatafuta mtu wa kumtwika.

Lilian alidhani itakuwa kazi ya mara moja. Kuzaliwa, kusoma, kufanya kazi, kuoa, kuugua, kufariki. Nani asiyemjua kaka yake? Lakini Jumapili, mwili ukiwa bado Mbeya, baba yao, Mzee Andongwisye, aliwaambia wazee waliokaa naye chini ya turubai maneno ambayo yamemnyima Lilian usingizi hadi leo. "Udongo wa kwanza natia mimi, sawa," alisema. "Lakini sitii udongo juu ya mtu ambaye kazi yake siijui. Miaka yote nauliza, najibiwa, sielewi. Safari hii nielezwe mpaka nielewe. La sivyo nitasimama pale kaburini mikono mfukoni." Wazee walidhani ni uchungu unaosema. Lilian, ambaye amelelewa na mzee huyo, hakudhani hivyo hata kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 katika Hospitali ya Igogwe, mtoto wa kwanza wa Mzee Andongwisye na marehemu Esnath. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku ya kumleta nyumbani mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka, na mtoto alifunikwa jani la mgomba. Kila walipomfunua kumtazama alikuwa macho, ametulia, anasikiliza matone yanavyogonga jani. Shangazi zake walihofu kwamba hasikii. Kumbe alikuwa anasikia kuliko wote.

Alisoma Shule ya Msingi Suma kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha Sekondari ya Rungwe mwaka 1989 hadi 1992, kisha Tosamaganga kwa kidato cha tano na cha sita. Mwaka 1996 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma fizikia, akahitimu mwaka 2000. Akafundisha sekondari kwa miaka michache, halafu mwaka 2005 akaenda Afrika Kusini kwa shahada ya uzamili na ya uzamivu, akarudi mwaka 2012 akiwa daktari. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza, maana siku ya sherehe ya kumpokea, shangazi mmoja alifika na mtoto mwenye surua. Ambwene alimpokea mtoto, akampakata, akaeleza kwa upole kwamba yeye ni daktari wa mambo mengine. "Mambo gani?" shangazi akauliza. Alijibiwa kwa kirefu sana, na akaondoka akisema kijana amesoma mpaka amepitiliza.

Tarehe 18 Desemba 2004, katika kanisa la Igogwe, alifunga ndoa na Felista, mwalimu wa jiografia. Mungu akawajalia watoto wawili, Esnath na Ackson. Ilikuwa nyumba yenye kicheko. Hapa ni lazima tuseme jambo moja kwa ajili ya wageni wetu waliotoka Dodoma, ambao tangu jana wanashangaa. Kwa mila zetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkwe akipita njiani, mkamwana anaingia migombani na kujitanda khanga kichwani mpaka apite. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani, na jina la mzee halitoki mdomoni mwa mkamwana. Vijana wengi siku hizi wameacha, na hakuna anayewafukuza. Felista hakuacha. Alilelewa hivyo na mama yake, na anasema ile ni heshima yake kwa mzee na hajaona sababu ya kuipunguza.

Kwa miaka ishirini, basi, maneno yote kati ya wawili hao yalipita kwa Ambwene. Mzee akila mtori ukamkolea, alisema, "Mwambie mama Esnath, ndaga fijo," yaani asante sana, na Ambwene alivuka ua kuupeleka ujumbe. Felista akiuliza mgongo wa mzee unaendeleaje, Ambwene alivuka tena. Wakati mwingine alisahau njiani, akatunga salamu zake mwenyewe, nzuri kuliko zile alizotumwa. Siku alipofariki, njia ile ilifungwa. Mzee amekaa nyumba ya mbele na wanaume, Felista amekaa nyumba ya nyuma na wanawake, na kila mmoja ana huzuni yake bila mtu wa kuipeleka upande wa pili.

Mwezi Agosti mwaka jana Ambwene alianza kulalamika maumivu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni. Mwezi Januari aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Dodoma, kisha Dar es Salaam, na mwezi Mei aliomba asogezwe karibu na nyumbani, akapelekwa Mbeya. Felista anasimulia kwamba daktari alipomwonyesha picha za vipimo, mgonjwa aliinama akazitazama muda mrefu kuliko daktari mwenyewe. Kisha akauliza, "Na ile ya pili iko wapi? Picha moja haisemi kitu mpaka uiweke juu ya nyingine." Daktari alimgeukia Felista kwa macho ya kuuliza kama dawa zimeanza kumpanda kichwani. Jumamosi tarehe 7 Juni, alfajiri, Ambwene alifariki akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Alikuwa na miaka hamsini. Inauma kuliko tunavyoweza kuandika, na hatutajaribu.

Mtaona kwamba kazi imewekwa baada ya kifo. Si kosa la mchapaji. Ndiyo sehemu iliyokamilika mwisho kabisa, na kidogo isikamilike.

Familia ilichojua ni kwamba tangu mwaka 2013 marehemu alikuwa mhadhiri wa fizikia chuo kikuu jijini Dodoma, na kwamba alikuwa anachunguza mambo ya angani. Mwaka uliofuata, alipokuja likizo, baba yake alimuuliza anachunguza kwa kutumia nini. Akajibu ukweli mtupu, "Redio na eksirei, Baba." Habari ilitembea. Kesho yake barazani palijaa redio mbovu, na mjomba mmoja alikuwa amekaa pembeni na picha ya kifua chake kwenye bahasha. Ambwene alitengeneza redio zilizokubali kutengenezeka, akamwambia mjomba arudi hospitali. Tangu siku ile mzee alipoulizwa mwanao anafanya nini, alijibu, "Anafundisha," akabadilisha mazungumzo. Ilikuwa inamchoma.

Jana Jumanne mchana, Twalib, mwenye duka la kuchapa pale Makandana, alimpigia Lilian simu. "Dada Lilian, pole tena na msiba. Ratiba nimeshaipanga, picha ya marehemu imetoka safi. Ila hapa kwenye kazi umeniwekea nukta nukta. Nichape nukta?"

"Usichape nukta, kaka. Nivumilie."

"Nakuvumilia, lakini umeme wa leo siuamini."

Lilian akamtafuta Prisca, mwanafunzi wa marehemu aliyekuja na basi la chuo. Prisca hakusita, aliandika aya nzima palepale kwenye simu yake. Lilian akaipeleka nyumba ya mbele na kuisoma mbele ya baba yake: "Marehemu alibobea katika uchunguzi wa mitiririko itokayo kwenye viini hai vya galaksi, kwa kulinganisha data za mawimbi ya redio na za mionzi ya eksirei." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee Hosea alisema hiyo imekaa vizuri, ichapwe. Mzee Andongwisye alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndaga," alisema. "Sasa, alikuwa anafanya kazi gani?"

Lilian mwenyewe alikuwa amesoma maneno yale kwa sauti nzuri bila kuyaelewa, na alianza kuogopa kwa dhati. Alijiona leo asubuhi amesimama hapa na karatasi, baba yake kasimama pale na mikono mfukoni, na kaburi li wazi. Akavuka ua hadi nyumba ya nyuma, akakaa kwenye godoro kando ya wifi yake.

"Wifi, nisaidie. Ukiniambia mimi kama mtu asiyejua kitu, kaka alikuwa anafanya nini?"

Felista alifikiri. "Alikuwa anatafuta unga."

"Unga gani?"

"Sijui! Ndivyo alivyokuwa anasema. Nikimpigia nikimuuliza uko wapi saa hizi, ananiambia, natafuta unga ulioruka. Nikiuliza unga gani, anacheka. Nimeolewa naye miaka ishirini, wifi, sijawahi kujua ni unga gani."

Prisca, aliyekuwa anamenya ndizi hapo jirani, akageuka. "Hata darasani! Tukileta picha mpya, anauliza, mmeona unga umefika wapi? Sisi tulidhani ni msemo wa huku kwenu."

Lilian alizaliwa baada ya mashine ya kusaga ya baba yao kununuliwa, na alikuwa na miaka mitatu tu kaka yake alipoondoka kwenda bweni. Hakuna msemo wa unga aliowahi kuusikia. Alirudi nyumba ya mbele akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa baba yake, akampa hicho. "Baba, mama Esnath anasema kaka alikuwa anatafuta unga ulioruka."

Mzee Andongwisye alivua kofia, akaishika magotini. Kisha akaomba fimbo yake, akainuka, akaenda peke yake mpaka kwenye kibanda cha mashine nyuma ya migomba, ambacho hakijasaga chochote kwa miaka mingi. Lilian alimfuata, na humo ndani, kati ya mkanda uliokatika na magunia yaliyotafunwa na panya, alisimuliwa jambo ambalo hakuwahi kulisikia.

Ambwene alipokuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kushika mdomo wa gunia unga unapotoka. Hakuwa anakaa. Kila mashine ikiwaka, alitoka nje na kusimama upande wa migomba. Mashine ile ilikuwa inatupa vumbi la unga kupitia upenyo wa ukuta, na majani ya migomba ya upande ule yalikuwa meupe. Mtoto alikuwa anapita jani kwa jani, anapangusa kwa kidole, anatazama. Chenga nzito ziliangukia karibu, ule laini ulikwenda mbali. Jioni anakuja na taarifa: "Baba, leo unga umefika mpaka kwa Mzee Alinanuswe."

"Nilikuwa naita, gwe Ambwene, ingia ndani!" mzee alisema. "Ingia ndani ushike gunia! Haingii. Na siku moja akasema mbele ya wateja, unga mwingi hauingii kwenye gunia, unaruka. Bibi mmoja akasikia. Akataka nimrudishie unga wake ulioruka! Nilitafuta pa kujificha." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Nikajua nimezaa mvivu. Nikampeleka shule."

Lilian akavuka ua na habari hiyo, karibu anakimbia. Felista aliisikiliza, akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alipotulia, yale yote aliyosimuliwa na mumewe kwa miaka ishirini bila kuyaunganisha yalikuwa yameungana; akawa na mengi ya kusema, akamtuma Lilian. Lilian akaenda, akarudi, akaenda tena. Safari ya tatu alikuwa ameshachanganya nyota na galaksi, redio ameiweka mahali pa eksirei, na mzee anamtazama kwa huruma.

"Basi, umechoka," mzee alisema. "Mwambie aje aseme hapo nje. Mimi nabaki humu ndani."

Felista akaja na wanawake wawili, amejitanda. Akasimama nje ya kibanda, upande wa migomba, amegeuzia mabati mgongo. Mzee akakaa ndani juu ya gunia, naye amegeukia upande mwingine. Lilian akasimama kwenye kona, mahali anapowaona wote wawili, na kwa heshima ya mila kila mmoja alizungumza na Lilian tu.

"Lilian, mwambie mzee," Felista alianza, "kwamba galaksi ni mji wa nyota. Ule mkanda mweupe tunaouona angani mbingu zikiwa safi ni mji wetu sisi, na iko mingine isiyohesabika. Katikati ya mji kuna kitu kidogo kwa umbo lakini kizito mno, kinavuta na kumeza kila kinachokisogelea. Wengi wanajua hapo tu. Lakini katika baadhi ya miji hakimezi chote. Kingine kinatupwa nje kwa nguvu, kinasafiri mbali kuliko upana wa mji wenyewe."

"Lilian, muulize," mzee alisema kutoka ndani, "mashine ndogo inatupa mbali hivyo?"

"Mwambie ndicho hasa kilichomshangaza mwanawe maisha yake yote. Na macho hayaoni kinachotupwa. Kwa hiyo kuna sahani kubwa za chuma jangwani kule Afrika Kusini, zinapokea redio inayotoka huko bila mtangazaji yeyote, zinachora picha ya kilichotupwa na njia yake. Na kuna vyombo vilivyorushwa juu ya hewa vinavyoona eksirei, vinachora hewa ya moto iliyouzunguka mji. Sasa, kwenye picha ya eksirei kuna mashimo meusi, matupu, unajiuliza nani kayachimba. Kwenye picha ya redio kuna mawingu mawili, unajiuliza yanafanya nini pale. Ukitazama moja moja, unachanganyikiwa. Ukiweka moja juu ya nyingine, mawingu yanaingia kwenye mashimo sawasawa. Kilichotupwa kimeisukuma ile hewa na kuipasha moto isipoe. Na isipopoa, nyota mpya hazizaliwi. Ndiyo kazi yake hiyo, Lilian. Kupima unga umefika wapi, na umewafanya nini majirani."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, na kule mbele Mzee Hosea alisikika akiita, "Lilian! Twalib yuko kwenye simu!"

"Hapo aliposimama mama Esnath," mzee alisema polepole, "ndipo alipokuwa anasimama yeye."

Felista alitazama jani la mgomba lililokuwa mbele ya uso wake. Akainua kidole, akalipangusa. Halikuwa na kitu ila maji ya ukungu.

"Kwa hiyo hakuwahi kuondoka," mzee akaendelea. "Miaka yote nauliza mwanangu yuko wapi, kumbe alikuwa bado amesimama hapo nje anatazama majani." Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu siku ya ndoa ile. Hakumtaja Lilian. "Ndaga fijo, mwana gwangu," alisema, moja kwa moja, kupitia mabati.

Felista aliinamisha kichwa. Hakumjibu mzee, kwa sababu heshima yake ni ileile. Akamwambia Lilian, "Mwambie nimesikia."

Twalib alichapa aya ya kazi kabla umeme haujakatika, akabana maandishi mpaka yakaenea, na ni mzee mwenyewe aliyeitamka neno kwa neno: Ambwene alikuwa mtafiti. Alisimama nje ya mashine yenye nguvu kuliko zote na kupima inatupa mbali kiasi gani. Alifundisha wengine kupima. Hakuwa mvivu.

Marehemu ameacha baba, Mzee Andongwisye, mjane, Felista, watoto wawili, Esnath na Ackson, mdogo wake Lilian, na wanafunzi ambao wataendelea kutazama majani. Mama yake alimtangulia mwaka 2011, naye leo atalala kando yake.

Sasa Mzee Andongwisye atasogea kutia udongo wa kwanza. Ameomba pasiimbwe kwa muda kidogo, kwa sababu ana maneno ya kusema na anataka yasikike. Ni yale aliyoyaita kila mashine ilipowaka, na mtoto hakuyatii hata siku moja. Amesema safari hii hayasemi kwa hasira wala hana gunia la kushikisha mtu.

Gwe Ambwene, umetazama vya kutosha. Ingia ndani sasa, mwana gwangu, upumzike.